Intaneti ya antena ya TV: miezi 14 nayo bondeni Laikipia

Siku waliyokuja kunifungia intaneti hii nilicheka mbele yao. Vijana wawili walishuka kwenye pikapu na mlingoti wa chuma, kebo nyeusi iliyoviringwa, na mmoja alikuwa amebeba begani antena ya vijiti, ile ya mfano wa mifupa ya samaki, ambayo mimi mwenyewe nimeifunga juu ya mapaa ya Nanyuki na Timau kwa miaka kumi na mitatu.

Nilikuwa fundi wa antena. Februari 2015, stesheni kubwa zilipotoka hewani kwa ule ugomvi wa kuhamia dijitali, nilikuwa juu ya nyumba ya mtu mtaa wa Likii nikigeuza antena kushoto na kulia, mwenye nyumba akipiga kelele kutoka chini, "Bado, fundi! Bado!" Nusu saa nzima. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba hapakuwa na kitu cha kushika. Baada ya hapo wateja wengi walihamia madishi, nami nikauza ngazi, nikanunua kompyuta mbili na printa, nikafungua saiba huku kijijini. Kwa hiyo tathmini hii naiandika kama mteja anayelipa kila mwezi, na pia kama mtu aliyewahi kula kwa masafa hayo hayo.

Jina la kampuni silitaji. Kuna mahali hapa chini nitawasema vibaya, na bado nawahitaji kila siku saa mbili asubuhi ninapofungua mlango.

Kwanza, nimeuziwa nini hasa. Hapa Kenya televisheni za antena zimetengewa masafa ya megahezi 470 hadi 694. Yamegawanywa vyumba 28, chaneli ya 21 hadi ya 48, kila chumba megahezi 8. Enzi za analogi stesheni moja ilijaza chumba kizima peke yake. Siku hizi stesheni kumi na zaidi hupakiwa katika chumba kimoja kama abiria wa matatu ya Doldol siku ya soko, na katika kaunti kama yetu, yenye ng'ombe wengi kuliko minara, vyumba vingi havina mtu. Intaneti yangu inalala humo. Mimi mteja sikuomba leseni ya masafa popote. Kifaa kinaruhusiwa kuingia chumba kitupu kwa masharti: kiwe cha aina iliyoidhinishwa, kisipaze sauti kupita kiwango, na kisiingie kokote kabla ya kubisha hodi. Hodi yenyewe ni hivi: kinajua kilipo kwa GPS, kinapeleka habari hiyo kwenye hifadhidata, orodha ya mtandaoni ya chaneli zilizo tupu kila mahali, na hifadhidata inajibu, "Hapo ulipo, tumia chaneli hizi, kwa nguvu hii, mpaka saa fulani." Muda ukiisha kinauliza tena.

Huku kwetu jambo hili si geni. Mwaka 2013 Microsoft, pamoja na serikali na kampuni ya Indigo Telecom, walianzisha jaribio la Mawingu papa hapa Nanyuki, kwa vituo vya umeme wa jua, na shule ya sekondari ya Gakawa ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuunganishwa. Julai 2015 mkuu wa Microsoft mwenyewe, Satya Nadella, alikuja Nanyuki siku ya kuzindua Windows 10. Niliona magari, mtu sikumuona. Wenye jaribio hilo waliandika kwamba chaneli moja ya TV iliwapa hadi megabiti 16 kwa sekunde, kilomita 14 kutoka mnarani. Shika hizo 16, nitazirudia.

Saiba yangu iko pembeni ya barabara ya Nanyuki kwenda Doldol, bondeni. Kati yangu na mnara wowote wa maana kuna mgongo wa kilima, na juu ya mgongo kuna mstari wa mikaratusi ambayo mwenyewe hataki kusikia habari ya msumeno. Simu hushika vizuri ukisimama juu ya jiwe lililo mbele ya kanisa. Nilipofungua, nilifunga modemu ya simu juu ya mwanzi wa futi kumi na tano. Bando lilikuwa linaniisha kabla ya saa sita mchana, na mwanzi ukiyumba kwa upepo mteja anatolewa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akiwa amefika ukurasa wa kulipa. Kisha nikachukua intaneti ya dishi dogo la gigahezi 5. Kiangazi ilikuwa raha tupu. Mvua ya kwanza ilipolowesha majani ya mikaratusi ile, kwisha habari yake.

Sababu yake naielewa vizuri kwa sababu ya kazi yangu ya zamani. Wimbi la gigahezi 5 lina urefu wa sentimita sita hivi, na jani lililolowa linalimeza. Wimbi la megahezi 500 lina sentimita sitini. Linapita kati ya majani, linajikunja kidogo juu ya kilima, na linafika likiwa limechoka lakini limefika. Wakati wa analogi niliwahi kumtafutia mzee mmoja picha nyuma ya kilima hiki hiki; ilikuwa na chenga, lakini aliangalia Kombe la Dunia la 2010 lote. Kwa hiyo kijana wa mauzo aliponiambia kuna intaneti inayopita kwenye masafa ya televisheni, sikuhitaji kushawishiwa sana. Niliuliza bei tu.

Bei: amana ya Sh 8,000 kwa kifaa, ambacho kinabaki mali yao, Sh 4,000 ya kufunga, na Sh 3,500 kila mwezi bila kikomo cha bando. Amana niliilalamikia nikaambiwa vifaa ni ghali. Hilo ni kweli. Wanaotengeneza masanduku haya duniani ni wachache, soko lake halijawahi kuwa kubwa, na kitu kisichotengenezwa kwa wingi hakishuki bei. Likiharibika huendi Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, ukanunua lingine kwa bei ya chai. Unasubiri lao.

Ufungaji ulichukua saa tatu. Nilishangaa kuona wanasimamisha vijiti vya antena wima, maana antena za TV hapa kwetu tunazilaza. Nikawaambia mmekosea. Mkubwa wao akanieleza kwa adabu kwamba mnara wao unatuma wima kusudi, ili usigombane na za TV zinazolala. Hapo nikamvulia kofia. Lakini mwenzake, yule mdogo, aliteremsha kebo moja kwa moja kutoka juu ya mlingoti hadi kwenye sanduku, imenyooka kama rula.

"Kijana, fanya kitanzi hapo kabla haijaingia," nikamwambia.

"Mzee, hii konekta haiingizi maji. Ni ya kiwango."

Asiyejua kitanzi nitamwelezea, kwa sababu hiki ndicho kilichonigharimu. Maji ya mvua hushuka na kebo. Kebo ikinyooka mpaka kwenye konekta, maji yanafika mlangoni na kukaa hapo yakisubiri upenyo, na upenyo upo tu, leo au mwakani. Ukiipa kebo kitumbo kidogo kinachoning'inia chini kuliko konekta, maji yanafika kwenye kitumbo, yanadondoka ardhini, yanakwenda zake. Ni kazi ya dakika moja na haihitaji kitu chochote cha kununua. Nilinyamaza, maana siku hiyo mimi ndiye nilikuwa mteja.

Nilifungiwa mwezi wa kwanza. Wiki ya pili ya mwezi wa nne, mvua zimekolea, spidi ikashuka kutoka sita hadi tatu, kutoka tatu hadi moja, kisha Ijumaa moja taa ya kijani ikawa nyekundu. Nikapiga simu. Niliambiwa nizime rauta niwashe. Nikazima, nikawasha. Niliambiwa nisubiri dakika tano. Nikasubiri. Nikapewa namba ya malalamiko na ahadi ya fundi ndani ya saa arobaini na nane. Siku ya tisa, bila fundi, niliazima ngazi, ile niliyoiuza mwenyewe, nikapanda. Nilifungua konekta ikanimwagia maji kwenye kiganja. Shaba ndani ilikuwa kijani kama sukuma wiki. Nilikata sentimita ishirini za kebo mpaka nikaona shaba inayong'aa, nikaenda Nanyuki kununua konekta nyingine kwa Sh 450, nikafunga, nikazungusha utepe wa mpira tabaka tatu, na nikafanya kitanzi changu. Taa ikarudi kijani kabla sijashuka. Siku tisa za kulipia hazikurudishwa mpaka leo, na Sh 450 nilizituma kwenye barua pepe yao na picha ya risiti. Walinijibu wakinishukuru kwa kuchagua huduma yao.

Sasa spidi. Siku ya kawaida napata megabiti tano hadi saba kushusha, moja na nusu hadi mbili kupandisha. Zile 16 sijawahi kuziona, hata saa tisa usiku. Si uongo walioandika, ila zile ni za chaneli moja ikiwa na mtu mmoja, na mimi chaneli hiyo nakula pamoja na zahanati, shule mbili na wengine nisiowajua. Megahezi 8 ni kidogo. Dishi la gigahezi 5 linaweza kutumia megahezi 20, 40, hata 80 kwa mpigo, kwa hiyo jirani wangu wa juu kilimani, anayeuona mnara, anapata mara nne ya yangu kwa pesa hiyo hiyo. Mimi nina barabara nyembamba inayofika mlangoni. Yeye ana barabara pana, na ingekuja kwangu ingeishia kwenye mikaratusi.

Kwa kazi za saiba, tano zinatosha kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za KRA, mamlaka ya kodi, nilikuwa na foleni hadi nje ya duka la jirani. Kompyuta tatu zilifanya kazi tangu alfajiri mpaka saa nne usiku na tatizo lilikuwa mtandao wa KRA wenyewe kuzidiwa, si wangu. Fomu za eCitizen, cheti cha tabia njema, mikopo ya wanafunzi ya HELB, wanafunzi kuchagua kozi za chuo KUCCPS, yote yanapita. Kinachonisumbua ni kupandisha. Mtu akija na vyeti sita vilivyoskaniwa kwa rangi, kila kimoja megabaiti kumi, naviskani upya kwa nyeusi na nyeupe bila kumuuliza. Mkutano wa video unaenda mmoja kwa wakati. Wakiwa wawili, mmoja anageuka sanamu mdomo wazi. Vijana wa michezo ya mtandaoni walijaribu wiki moja wakaniambia kwa upole kwamba wataendelea kwenda Nanyuki.

Sasa nifike kwa Shosho, maana hili sijaliona kwenye tathmini yoyote.

Jirani yangu wa upande wa chini ni bibi wa miaka themanini na kitu, tunamwita Shosho kituo kizima. Ana TV ndogo, king'amuzi, na antena ya nje yenye bustaa, kile kisanduku kidogo cha kuongeza nguvu juu ya mlingoti. Bustaa hiyo niliifunga mimi mwenyewe mwaka wa 2012. Wiki moja baada ya intaneti yangu kuwashwa alinijia asubuhi, fimbo mkononi.

"Fundi, hilo dudu lako linakula taarifa zangu."

"Zinakuwaje, Shosho?"

"Msomaji anafungua mdomo, anaganda hivyo hivyo. Halafu vipande vipande. Halafu kunaandika hakuna mawimbi. Tangu saa moja mpaka saa mbili. Mchana hakuna shida."

Nikamwambia haiwezekani, maana chaneli yangu na ya TV yake ni tofauti, na hifadhidata ndiyo iliyochagua. Akanitazama kwa muda. "Haiwezekani, lakini inafanyika," akasema, akarudi kwake.

Jioni nilienda kukaa naye. Kweli bwana. Saa moja kasoro dakika tano picha safi. Saa moja na dakika mbili, mtangazaji akavunjika vipande. Nikampigia simu kijana wangu dukani nikamwambia achomoe sanduku la juu. Picha ikarudi hapo hapo. Akachomeka, ikavunjika. Shosho hakusema kitu, alinisukumia tu kikombe cha chai kama anayempa mtu aliyeshindwa kesi.

Nililala nikiifikiria. Asubuhi ndipo ikanijia, na nikajiona mjinga. Sanduku langu halikuwa linaingia kwenye chaneli ya TV yake. Lilikuwa linapiga kelele mita ishirini kutoka kwenye bustaa, na bustaa za siku zile ni jinga: zinaongeza nguvu ya kila kitu kilicho kati ya megahezi 470 na 860 bila kubagua. Zilitengenezwa kwa mawimbi dhaifu yanayotoka mbali. Ukiweka mtu wa kelele jirani, zinazibwa masikio, na hata ile chaneli ya TV isiyo na kosa inatoka imeharibika. Mchana natuma kidogo, wateja wanasoma tu. Saa moja jioni ndipo napandisha skani zote za siku. Ndiyo maana taarifa ya saa moja.

Tiba ilikuwa kuiondoa bustaa. Tangu dijitali ije hata hakuwa anaihitaji. Nilimfungia kwa sababu ya chenga za analogi. Nikageuza antena yake kidogo mgongo uwe upande wangu, nikamwekea kebo mpya kwa gharama yangu. Picha imetulia tangu siku hiyo. Kampuni nilipowaambia waliniuliza kama mteja huyo ana mkataba nao. Nikawaambia hapana, ana TV. Wakasema basi si wao. Hapo ndipo ninapowalaumu zaidi ya konekta. Mtu anayefunga kifaa hiki katikati ya nyumba angepaswa kutazama mapaa ya jirani na kuuliza nani ana bustaa. Macho yanatosha, kipimo hakihitajiki.

Wakubwa waligombana kuhusu jambo hili miaka mingi. Marekani, tume yao ya mawasiliano, FCC, ilipiga kura Novemba 2008 kuruhusu vifaa visivyo na leseni katika chaneli tupu za TV, na wenye stesheni walipinga kwa nguvu, pamoja na watu wa maikrofoni zisizo na waya, wa majukwaa na wa makanisa, ambao walikuwa wakitumia mapengo hayo hayo. Mwanzo vifaa vilitakiwa vijisikilizie vyenyewe kama chumba kina mtu. Mwaka 2010 sharti hilo likaondolewa kwa vile vinavyotegemea hifadhidata. Uingereza kanuni zao zilianza kutumika mwisho wa 2015, Afrika Kusini wakaandika zao 2018, baada ya jaribio la 2013 kule Cape Town lililounganisha shule kumi kutoka kwenye kampasi ya Tygerberg ya Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Waliripoti kwamba televisheni hazikuathirika. Hawakumuuliza Shosho.

Habari ya maikrofoni nayo imenifikia. Kanisa la hema lilipiga kambi kiwanjani wiki mbili mwezi wa nane, na kila ibada ikianza intaneti yangu ilikuwa inakohoa. Nilienda nikasimama nyuma ya kipaza sauti, nikasoma namba kwenye maikrofoni ya mhubiri wakati wa mapumziko: megahezi zake zilikuwa ndani ya chumba changu. Hakuna aliyemwandikisha popote, hifadhidata haikumjua. Nikapiga simu, na hapa niwape haki yao, kampuni walinihamishia chaneli nyingine kutoka ofisini kwao ndani ya robo saa. Ukiwa na vyumba ishirini vitupu, kuhama si shida. Mjini Nairobi nadhani ingekuwa hadithi nyingine.

Mambo madogo. Sanduku linahitaji kuiona anga ili lipate GPS. Walikuwa wamelifunga chini ya ukingo wa mabati, na stima ikikatika ikarudi, taa ilikuwa inapepesa dakika ishirini kabla ya kujua liko wapi duniani. Nililihamisha nusu mita likatoka nje ya kivuli cha bati. Sasa ni dakika mbili tatu. Umeme linakula kidogo, betri yangu ya sola ya zamani inalibeba usiku kucha pamoja na rauta. Joto halilisumbui. Nyuki walijenga nyuma yake, hilo si kosa la mtu.

Tatizo linalobaki ni mnara wao. Unaendeshwa na sola na betri zimezeeka, nina uhakika kwa sababu dalili zake nazijua. Mawingu yakikaa siku tatu mfululizo, mnara unalala saa kumi alfajiri na kuamka jua likishapanda. Aprili na Novemba nafungua duka saa mbili nikiwa na wateja mlangoni na naanza kazi saa tatu unusu. Nimewaambia mara nne. Kila mara wananijibu kwamba wanafuatilia.

Utaniuliza kwa nini sijaenda Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya 2023. Jirani wa shamba la ng'ombe anayo, nimeipima kwa simu yangu mwenyewe na nilipata zaidi ya mia moja. Kwa spidi hakuna mjadala hapo. Lakini kile kisahani kinakula umeme mara kadhaa ya sanduku langu, na mimi stima inakatika mara tatu kwa wiki. Betri za kukibeba ningezinunua kwa faida ya mwaka mzima. Ningekuwa na stima ya kuaminika ningeshahama, na siwafichi hilo hata watu wa kampuni.

Kwa hiyo nani achukue? Panda juu ya paa lako. Ukiuona mnara kwa macho, chukua dishi la gigahezi 5, usipoteze pesa yako huku. Ukiona kilima, miti, na mnara huuoni, na zahanati au duka au shule yako inahitaji fomu na barua pepe zaidi ya video, hii itakufaa, na sijui nyingine ya bei hiyo itakayokufikia. Waambie wafanye kitanzi. Wakikataa, shika kebo mwenyewe.

Mkataba wangu wa pili unaisha Desemba. Nimewaandikia kwamba nitasaini tena wakibadilisha betri za mnara kabla ya mvua za Novemba, na wakinirudishia ile Sh 450. Shosho ameniomba nimuunganishe na yeye, mjukuu wake aliye Doha ampigie kwa video. Nimevuta waya wa intaneti mpaka dirishani kwake. Saa moja jioni nauzima, kwa amri yake.